Baharia wa Ghalani na Safari ya Norwe

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa chama cha karavani, ukumbi wa nyuma ya kanisa, hapa kijijini kwetu Grou. Kahawa kikombe kimoja, biskuti moja kwa kila kinywa, kisha Bi. Baukje, mwenyekiti, akafunika kopo la biskuti kwa kishindo. Mwanamke huyo angefaa kulinda benki. Wanachama kumi na wanane, vijumba tisa vya magurudumu, akili moja. Yangu.

Ajenda: safari ya kiangazi, kwenda Norwe. Akasimama shemeji yangu Hylke, kaka yake Froukje mke wangu. Daktari wa meno mstaafu. Hutabasamu kana kwamba bado anauza meno. Akatandaza ramani: tuvuke Ujerumani, tupande Denmaki hadi ncha yake ya juu, karavani zote ziingie tumboni mwa feri, saa tatu na robo baharini, tushukie Kristiansand. Watu wakapiga makofi. Watu hawa hupigia makofi hata taarifa ya kuzibuliwa choo.

Nikasimama na mimi. Nikasema kuna madaraja! Denmaki hadi Uswidi, Uswidi hadi Norwe, gurudumu halilowi. Siku moja zaidi tu, labda mbili. Bi. Baukje akashusha miwani. Akauliza: Bwana Gosse, wewe si ulikuwa jeshi la majini? Leo unaogopa maji ya saa tatu?

Ukumbi mzima kicheko. Chini ya meza kiatu cha Froukje kikagusa ugoko wangu. Si kwa mapenzi.

Niandike ukweli hapa, maana shajara haina mdomo. Jeshi la majini nilikuwamo. Miezi kumi na minne, bandari ya Den Helder, ghala la mablanketi na viatu. Meli niliziona dirishani. Nzuri sana, kwa mbali. Nikikanyaga kitu kinachoelea, tumbo hunipanda shingoni. Lakini kwa miaka kumi na miwili nimewasimulia watu hawa dhoruba za Atlantiki, na kila mara Froukje ameitikia kwa kichwa, macho kwenye kikombe.

Basi nikasema mimi siogopi, nawahurumia wao tu. Kosa! Hapohapo wakanipa cheo: Mkuu wa Bahari. Kura ya njia ni tarehe kumi na tano. Siku kumi na mbili. Kwa mtu mwenye akili, ni nyingi mno.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: mbwa.

Bi. Baukje ana kambwa kake, Siepie, kafupi, kanene kama mto wa kochi. Kanalishwa vizuri kuliko wanachama. Nikampigia simu kwa sauti ya msiba. Nikamwambia kwamba kwenye feri mbwa hufungiwa ndani ya gari, chini, gizani, peke yao. Nikamsikia akipenga kamasi. Nikamwambia pole, bahari haina huruma, mimi naijua. Nikakata simu, nikajikaangia mayai mawili kwa ushindi.

Saa nane akanipigia yeye. Kumbe kawauliza wenyewe wa feri! Kuna vyumba vya wasafiri wenye mbwa! Vina madirisha! Siepie atakaa kitini atazame mawimbi. Akasema kabla ya simu yangu alikuwa bado anasitasita kuhusu feri. Sasa hana shaka hata chembe. Mungu anibariki.

Mtu hawezi kufanya kazi na watu wanaopiga simu kuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili: barua isiyo na jina, kwenye ubao wa matangazo wa chama. Imetiwa sahihi na "Msafiri Aliyeyaona". Mawimbi marefu kuliko mnara wa kanisa letu. Karavani zikigongana kama magunia ya viazi. Mzee mmoja meno yake ya bandia yakamezwa na bahari. Hilo la meno nililitia makusudi, limuume Hylke. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Hata mimi sikuutambua mwandiko.

Saa kumi nikapita duka la mikate. Hylke yuko katikati ya watu, anawasomea barua yangu kwa sauti, wote wanafuta machozi ya kicheko. Akaniona.

"Shemeji! Hebu njoo. Kuna mtu hapa kijijini hajui Kristiansand inaishia na herufi gani, na kila sentensi anaitilia alama tatu za mshangao. Humjui kweli?"

Nikasema simjui, lakini anaonekana msomi.

Hylke akakunja barua vizuri, akaitia mfukoni. Akasema dawa ya hofu ni kuzoea. Jumamosi chama kizima tuvuke kwenda kisiwa cha Ameland, dakika hamsini tu, na Mkuu wa Bahari atufundishe namna ya kusimama melini. Duka zima likasema ndiyo! Hata muuza mikate, ambaye si mwanachama na hana karavani. Nani alimuuliza?

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kitandani. Ndoo iko kando.

Nilivaa koti langu la jeshi. Vifungo na matundu yake viligombana miaka mingi iliyopita na leo havikupatana. Nikameza vidonge viwili vya kichefuchefu, kisha kimoja cha akiba. Maji ya kule Holwerd, bandari ya kuvukia kwenda Ameland, ni haba hata shakwe walikuwa wamesimama ndani yake. Wimbi hakuna. Upepo hakuna. Bi. Baukje akatupanga sitahani, akaomba utulivu, akasema Bwana Gosse sasa atafundisha.

Nikatanua miguu kidogo, kama nilivyoona pichani. Nikasema, "Jambo la kwanza: baharia na meli ni kitu kimoja."

Jambo la pili halikutoka. Kilichotoka ni kifungua kinywa. Chote, ndani ya kofia mpya ya Hylke, aliyokuwa ameivua kwa heshima ili anisikilize.

Bi. Baukje akasema, taratibu: "Bwana Gosse. Kamba bado hazijafunguliwa."

Ni kweli. Tulikuwa bado tumefungwa gatini.

Halafu feri ikaondoka, na ya huko sitayaeleza. Nitasema tu kwamba Hylke alinishika paji la uso dakika zote hamsini, akinipa tangawizi nitafune, akisema pole shemeji, vuta pumzi, tunakaribia. Hakucheka hata mara moja. Mtu mwovu kabisa.

Mtu mmoja akauliza, sasa Atlantiki alivukaje huyu? Nikafungua kinywa nieleze kuwa maji ya Atlantiki ni ya aina nyingine. Froukje akaniwahi. Hakupaza sauti.

"Alikuwa anahesabu viatu," akasema. "Ghalani. Hajawahi kupanda meli."

Miaka thelathini na minne ya ndoa! Mbele ya mbwa!

Kurudi kulikuwa vilevile, ila bila kofia.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana na Froukje. Viazi, maharage. Nikamwambia ameniaibisha. Akaweka uma chini.

Akasema hofu yangu aliijua kabla hatujaoana na haikumsumbua. Kila kiangazi tumekwenda Drenthe, nchi kavu tupu, msitu uleule, kando ya bomba lilelile la maji, naye hajalalamika. "Lakini umeniitikisha uongo wako miaka kumi na miwili, Gosse. Shingo yangu imechoka."

Akasema mwaka huu anakwenda. Anataka kuiona nchi ikichomoza baharini kidogo kidogo, hivyo hivyo kama wanavyosimulia wengine. Nikija naye, atafurahi. Nisipokuja, atapanda na kaka yake.

Wanawake hukuza mambo. Viazi vilikuwa na chumvi nyingi, ndiyo maana sikuvimaliza.

Jumatano, 12 Machi

Hylke amekuja. Ana kofia nyingine. Ameleta pendekezo: mimi nitangulie siku mbili, nipite madarajani na karavani yangu, Froukje avuke na wenzake, niwapokee bandarini Kristiansand. Akasema hapana aibu, kila mtu ana lake, yeye mwenyewe anaogopa farasi. Farasi! Mnyama anayekula majani!

Nikasema nitafikiri. Akasema kuna sharti moja, nalo ni la dada yake: Jumamosi nisimame mbele ya chama niseme ukweli, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikakataa. Nikakataa mara ya pili, kwa ukali zaidi. Kisha nikamwona Froukje kupitia dirisha la jikoni. Amesimama bustanini na darubini yangu, anaijaribu kwa kutazama mnara wa kanisa, ambao ameuona kila siku ya maisha yake. Mdomo wazi kama msichana. Upuuzi mtupu.

Nikamwambia Hylke basi, nitasema. Na asidhani nimeshindwa.

Jumamosi, 15 Machi

Kura: feri kumi na saba, madaraja moja. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Froukje. Juu kabisa, hadi mshono wa kwapa la sweta ukalia.

Kisha nikasimama. Nikasema: viatu. Mablanketi. Dirisha. Nikasema Atlantiki naijua kwa ramani tu. Nikaomba radhi, kwao na kwa mke wangu. Mwishoni sauti ilinigeuka, ukumbi ule una vumbi. Wakapiga makofi, na kwa mara ya kwanza nikaona wana sababu. Bi. Baukje akafungua kopo akanipa biskuti ya pili. Katika historia ya chama hilo halijapata kutokea. Froukje akaniwekea mkono gotini, ukakaa hapo. Nikajihisi mwepesi. Nikajiambia: Gosse, leo umezaliwa upya.

Hylke akaendelea na ramani yake. Baada ya Kristiansand barabara inapanda milima, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Akauliza kama kuna mwanachama aliyewahi kukokota karavani milimani, awe kiongozi wa msafara.

Kimya. Sisi ni watu wa tambarare. Kilima chetu kirefu ni daraja la barabara kuu. Watu wakatazama vikombe vyao. Kimya kikazidi, na kimya cha namna ile hunitekenya ulimi.

Nikasikia mtu anasema: "Mimi. Austria. Majira mawili ya baridi, theluji hadi dirishani."

Sauti nzuri, imara. Ilikuwa yangu.

Makofi! Nimekuwa Mkuu wa Milima, na hakuna aliyepinga. Wananiamini kirahisi, maskini, hawajifunzi kitu. Jumatatu nitakwenda maktaba nione Austria iko upande gani wa Ujerumani.

Froukje aliondoa mkono gotini pangu ili apige makofi, nadhani, ingawa sikumwona akipiga. Tangu tutoke ukumbini anatazama mbele tu, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Lazima ni fahari.