Ng'ombe Wawili wa Diploma

Jumatatu, 2 Agosti 1999. Mbugangari, Gisenyi

Mwiza kahitimu! Binti yangu wa kwanza, muuguzi kamili, diploma ina muhuri mwekundu. Nimeipigilia ukutani hapa kilabuni kwangu, juu ya mapipa ya pombe ya ndizi, kila mnywaji aione. Chuo cha Kigali kilimla Bihogo, kisha kikamla Gaju, ng'ombe wangu wawili tuliorudi nao kwa miguu kutoka Karagwe. Tangu Gaju auzwe, nyumbani ni chai ya rangi. Mke wangu Mukabalisa halalamiki. Ila kila asubuhi anakitazama kikombe chake kwa muda mrefu kabla ya kunywa. Nimemwambia avumilie, diploma ni ng'ombe asiyekula majani. Wawili wameondoka, wawili watarudi.

Jirani yangu Narcisse, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mdomo wake hauna mlango. Kaisoma diploma mpaka chini, kisha akauliza mbele ya watu wote: "Bizumuremyi, hii diplome yako, maziwa iko inakamuliwa wapi?"

Kilabu kizima kikacheka. Wacheke tu. Subira huvuta heri.

Alhamisi, 5 Agosti

Mshahara umejulikana. Laiti usingejulikana! Mwiza kapangiwa zahanati moja huko Mudende, kwenye viazi na baridi, kuanzia mwezi ujao. Nimepiga hesabu. Kumrudisha Gaju peke yake kwa mshahara ule, mtoto asile, asinunue hata sabuni, ningehitaji kuzeeka mara mbili. Mwiza anasema kazi anaipenda. Nimemwuliza kupenda kunauzwa franga ngapi kwa kilo. Akacheka, akanibusu kipajini, akaenda kufua.

Lakini mwezi huu bado yuko nyumbani. Kwa nini diploma ikae ukutani bure, kama kalenda ya mwaka jana? Nina wazo.

Jumanne, 10 Agosti

Wazo limefunguliwa rasmi. Kiti kimoja, meza moja, mashine ya presha ya Mwiza, pembeni ya kilabu. Mpango ulikuwa safi. Mnywaji anapimwa, analipa. Akiambiwa presha imepanda kidogo anaingiwa na hofu, anaagiza chupa ya kutuliza hofu. Faida juu ya faida!

Mwiza alikubali haraka mno. Hapo ningepaswa kushtuka. Kwanza akatangaza kwamba kumpima jirani ni bure. Kisha akampima Théogène, mpakiaji wa malori, mteja wangu bora kuliko wote, akamwambia kwa upole aache pombe na mishikaki ya chumvi, la sivyo moyo utamgomea. Théogène akaiweka chupa chini, akaomba maji. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hadi jioni kilabu kizima kinakunywa maji yangu kwa glasi zangu, kinamshukuru binti yangu. Mukabalisa alicheka mpaka akashika ukuta. Aliyekutwa mzima ni Narcisse peke yake. Haki haipo duniani.

Nakiri kitu kimoja. Théogène alipomwambia mtoto wangu "aksanti, docta," nilijifanya sijasikia ili arudie. Lakini aksanti haiwekwi kwenye chai.

Ijumaa, 13 Agosti

Kumbe dawa ilikuwa mlangoni! Rugwiro, yule mwalimu mpole wa Mudende anayemtaka Mwiza tangu zamani, kaleta habari: wazee wake wanakuja kuposa Jumamosi ya wiki ijayo. Na kwao wanafuga. Mahari kwetu ni ng'ombe. Basi, diploma itakamuliwa hapo.

Mila yetu inataka baba wa binti akae kimya, msemaji amsemee. Nahitaji ulimi mkali kuliko wote mtaani. Nimewaza kutwa nzima, na kila nikiwaza namwona Narcisse. Ikabidi nimeze fundo, nikamfuata kwenye sambaza zake. Kakubali, mradi pombe ya siku hiyo asihesabiwe. Nimempa maagizo: aanze na ng'ombe wanne, asishuke chini ya wawili. Mimi kazi yangu ni kukaa na kupokea.

Jumamosi, 21 Agosti

Nipumue kwanza.

Narcisse kasema kama mtu aliyezaliwa mahakamani. Wazee wa Rugwiro wakataja ng'ombe mmoja. Narcisse akawajibu kwamba binti huyu alikwenda shule akiwa amebeba ng'ombe wawili mgongoni, hawezi kutoka na pungufu. Wakanong'onezana. Wakakubali wawili! Wakaletwa hadi uani, mmoja na ndama wake anayenyonya, mchunga ng'ombe akawaimbia sifa zao. Mukabalisa akatoka na chombo cha maziwa mkononi. Nilikuwa nimeshinda.

Hapo Narcisse akanigeukia. Akasema wengine hufuga ng'ombe wakapata ng'ombe, ila Bizumuremyi alitoa ng'ombe akapata mtu wa kuponya watu. Akasema baba wa namna hii angezaliwa zamani angeimbwa.

Machozi yakanitoka. Miguu ikasimama bila ruhusa yangu. Nikasikia sauti, ni yangu: "Narcisse, nimekugawia yule mwenye ndama!"

Makofi, vigelegele. Narcisse akaapa kwa ng'ombe niliyempa, ndiyo shukrani ya kwetu. Neno la ng'ombe likishatamkwa mbele ya watu halirudi, hata mtoto wa Gisenyi anajua. Kisha nikamwona Mwiza ananitazama. Ningempaje jirani, nimnyime damu yangu? Basi yule wa pili nikawagawia maharusi. Makofi zaidi. Yalikuwa makofi mazuri sana.

Mukabalisa alirudisha chombo ndani.

Jumatatu, 23 Agosti

Mwiza kanipima. Presha ya kijana, anasema. Bure.

Asubuhi Narcisse kaleta maziwa ya yule mwenye ndama, chupa nzima, bado ya moto. Chai ilikuwa nyeupe! Mukabalisa alikunywa vikombe viwili bila kukitazama hata kimoja. Kisha akaniuliza kwa utulivu kama sasa nimejifunza.

Nimejifunza sana. Kosa lilikuwa uuguzi. Mdogo wake Mwiza, Uwamariya, anamaliza sekondari, anasema anataka ualimu. Nimemwambia hapana, meno! Hakuna mtu asiye na meno, na hakuna jino lisilouma siku moja. Ng'ombe sina tena, lakini shamba letu la Busasamana lipo, na mnunuzi anakuja Jumatano. Diploma ya meno ni ng'ombe wanne, siyo wawili.

Msemaji nimeshampata mapema. Narcisse kakubali kabla sijamaliza kuuliza. Nimemwomba jambo moja tu: akifika pale pa kumsifu baba, asifupishe.