Kura Kumi na Moja na Kulungu Mmoja

Jumatano, 5 Novemba

Tumeipoteza kata. Jana, Jumanne, saa mbili usiku, sanduku lilipofunguliwa: wao 112, sisi 101. Tofauti ni kura kumi na moja. Mgombea wetu ndiye gavana mpya wa Minnesota. Katika wilaya hii ameshinda kata kumi na nane kati ya kumi na tisa. Ya kumi na tisa ni yangu. Nimekuwa mwenyekiti wa chama hapa miaka kumi na miwili na sijawahi kuipoteza.

Bi Thora Hjelmstad, mwenyekiti wa wilaya, alipiga simu kabla sijamaliza uji. Akanikumbusha utaratibu: mwenyekiti aliyeshinda kata yake anapata viti viwili kwenye kuapishwa kwa gavana, kule St. Paul, mji mkuu wa jimbo, Januari. Aliyeshindwa atasikiliza redioni. Nikamwuliza kama hakuna nafasi ya kuzungumza. Akasema tumeshazungumza.

Gauni la kijani la mke wangu, Ardis, linaning'inia mlangoni, pindo bado lina pini. Hajafika St. Paul tangu tuoane. Alichomoa pini moja, akairudisha palepale.

Mimi ni mchimba visima. Nilianza na koleo la kuazima, sasa nina mashine mbili. Kisima kikikauka hukai ukalia, unatafuta maji yamekwenda wapi. Nikaenda kwa karani, nikapitia daftari la wapiga kura jina kwa jina. Watu wetu kumi na wanne hawakupiga kura. Kumi na wanne ni zaidi ya kumi na mmoja. Kuna mtu amewaficha. Namshuku Delmer Kniefel, jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mwenyekiti wa upande wa pili.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimewazungukia wale kumi na wanne. Nilianza kwa Clarence Overbo, mkata magogo, mwanachama wetu wa kufa na kuzikana. Nikamwuliza Jumanne alikuwa wapi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akasema alikuwa kwenye kinamasi cha Tamarack toka alfajiri mpaka giza, na bunduki, akimsubiri kulungu dume mwenye pembe za ncha kumi na mbili. Nani alimwambia kuna kulungu huko? "Si wewe, Orville?"

Nilikwenda kwa kumi na watatu waliobaki. Kinamasi kilekile. Kulungu yuleyule. Hakuna aliyempata, na wawili wana mafua.

Basi niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Jumatatu, mkesha wa uchaguzi, nilimtunga kulungu huyo mwenyewe. Mkahawani watu wetu hukaa upande huu wa kabati la pai, watu wa Delmer upande ule. Nilisimulia kwa sauti ya kufika upande wa pili, ili Jumanne wao waende porini na sisi tubaki kituoni. Hesabu yangu ilikuwa safi. Makosa ni mawili. Kwanza, kabati la pai halizibi masikio ya upande huu. Pili, watu wa Delmer ni wafugaji. Wanakamua saa kumi na moja alfajiri, wanakamua tena saa kumi na moja jioni, hawawezi kushinda kinamasini hata wakiambiwa kuna kulungu wa dhahabu. Wenye bunduki na nafasi ni wakata magogo na mafundi. Yaani wangu. Nina miaka hamsini na mmoja, nimezaliwa hapa, sikuipiga hesabu hiyo.

Ardis aliuliza nimegundua nini. Nikamwambia uchunguzi unaendelea.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimedai kura zihesabiwe upya. Ni haki yangu. Kura sita tu zikiwa zimehesabiwa upande usio wake, kata ni yetu.

Tulikaa ukumbi wa kata saa nne asubuhi: karani, Delmer, mimi, na birika la kahawa. Zao zikatoka 112. Zetu zikaenda vizuri mpaka karani aliposhika karatasi moja, akaigeuza kwenye mwanga. Alama ya kura ilikuwa mahali pake. Pembeni kulikuwa na hesabu ya kujumlisha kura zetu kwa penseli, safu tatu, jibu limepigiwa mstari mara mbili: 115.

Sheria inasema karatasi yenye alama ya kumtambulisha mpiga kura ni batili. Nikasema hesabu haimtambulishi mtu. Karani akasema katika kata hii ni mtu mmoja tu anayepiga mstari mara mbili chini ya jibu, huwaandikia hivyo wateja wake wa visima. Delmer akanimiminia kahawa. "Kujumlisha umejumlisha sawasawa, bwana," akasema. "Ila hao watu wako mia na kumi na tano, uliwaweka wapi?"

Matokeo mapya: 112 kwa 100. Nimeongeza tofauti kwa kura moja, na ni yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba

Gazeti la wilaya, ukurasa wa kwanza. Picha ya Delmer Kniefel, kofia mkononi, na kulungu dume. Nimehesabu ncha za pembe kwa kioo cha kukuzia. Kumi na mbili.

Anaeleza kwamba Jumanne alikamua, akapiga kura, akala, akatoka kunyoosha miguu, bunduki begani, saa tisa alasiri karibu na Tamarack. Watu kumi na wanne walikuwa wanakanyagakanyaga kinamasini, wakamfurusha mnyama mpaka miguuni pake. Anamshukuru jirani yake kwa kumpa habari.

Nilimtunga mimi. Hakuwepo!

Ardis alisoma mara mbili, akacheka hadi akakaa chini. Mara ya kwanza tangu Jumanne. Nikamweleza yote. Akasema alijua tangu Alhamisi, Clarence ana mke.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana Delmer alileta paja la kulungu. Tamu, nasikitika kusema.

Leo Bi Thora kampigia simu Ardis, si mimi. Kuna kiti kimoja kwa mwanamke aliyeoka pai nyingi zaidi za kuchangia kampeni. Ardis alioka sitini na nne. Yeye na Bi Thora watasafiri pamoja. Nikauliza na mimi? Ardis akasema redio iko palepale, na pini anazitoa leo.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Lakini mtu na mkewe ni viti viwili, hiyo ni hesabu ya mtoto. Wenyeviti kumi na wanane wanakwenda. Akibaki nyumbani mmoja tu, viti viwili viko wazi. Januari barafu ya ziwa inakuwa nene, watu huitoboa wakavua samaki. Kesho mkahawani, ambako habari hufika kata zote, nitataja, kwa sauti ya kiasi, samaki wakubwa wanaokula chambo wiki ileile ya kuapishwa. Safari hii nitakaa mbali na kabati.

Barua kwa Bi Thora nimeshaiandika:

"Mheshimiwa, watu kumi na wanne wametia sahihi kwamba wangetupigia kura. Mia moja ukijumlisha na hao kumi na wanne ni 114, na 114 ni zaidi ya 112. Kiti kikibaki wazi kwa sababu yoyote, ikiwemo uvuvi, ni changu au si changu? Sitaki maelezo. Nataka ndiyo au hapana, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa."