Shoka Linalorudi Mkononi

Jumapili, 3 Mei

Nimepata shoka! Si la kweli, la kwenye mchezo. Kila Jumapili saa nane mchana binti yangu hunipigia, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukacheza. Yeye husimulia mapango na majitu, mimi na bibi yake, mama mkwe wangu, husema tutafanya nini, kete huamua. Kitabu cha kanuni anacho yeye. Ana miaka kumi na miwili. Nilipoondoka nyumbani kuja huku kwenye kazi ya ujenzi alikuwa na sita. Kabla ya mchezo huu simu zetu zilikuwa shikamoo, marahaba, shule vipi, nzuri, kimya. Sasa ni saa nzima. Saa nzima!

Leo jitu limekufa, likaacha shoka la ajabu. Binti akasoma kanuni yake: likirushwa, hurudi mkononi mwa aliyelirusha. Mimi niliyekomea darasa la sita nikaona mwanya papo hapo. Nikasema nitafunga kitanzi kwenye mpini, nilirushe ng'ambo ya mto wa moto, kitanzi kinase taji la mfalme tunalolitafuta, shoka lirudi nalo. Hakuna kupigana. Binti akasema linalorudi ni shoka tu. Nikabisha. Mama mkwe, ambaye kwenye mchezo ni mchawi (nje ya mchezo sisemi), akasema mkwe wake hata kwenye hadithi anatafuta kazi nyepesi. Nikabisha robo saa. Binti akafunga kitabu. Akasema, Baba, ukibisha kanuni tena Jumapili ijayo, mchezo ndio umeisha.

Umeisha! Turudi kwenye shule vipi, nzuri?

Jumanne, 5 Mei

Nimeona dawa ni ushahidi. Mtu mwenye ushahidi habishi, anaonyesha tu.

Saa ya mapumziko nikafunga kitanzi kwenye mpini wa nyundo, na kamba ndefu ya kuirudisha. Fundi Rangi, tunayelala naye chumba kimoja, akauliza kama ni jua limenipanda kichwani. Nikamwambia ashike mwisho wa kamba, nikihesabu tatu avute. Shabaha: kofia yangu juu ya rundo la matofali. Nikarusha. Kofia haikuguswa. Kitanzi kikanasa ndoo ya rangi. Fundi akavuta.

Ilirudi na mzigo! Nilikuwa sahihi! Rangi ya kijani ilimpata nyapara wetu, aliyekuwa akipita, kuanzia magotini kushuka chini.

Adhabu: kukwangua sakafu Jumapili, asubuhi hadi jioni. Simu marufuku.

Alhamisi, 7 Mei

Nilimwendea nyapara nikiwa nimeshika shavu. Jino, nikasema, miadi ni Jumapili saa nane. Akaniambia nipanue mdomo. Akachungulia, akasema meno haya yanaweza kutafuna kokoto, rudi kazini.

Fundi Rangi akanishauri niseme ukweli tu. Ukweli! Nikamwambia kwa nyapara huyu hiyo ni mbinu ya mwisho kabisa.

Alasiri nyapara akanijia mwenyewe. Akauliza mbona sikusema ni saa ya mtoto. Naye anaye wa kwake, mbali vilevile. Akasema Jumapili saa nane nipande juu ya paa, mtandao uko vizuri kule, nishuke saa tisa. Na nisirushe kitu.

Fundi Rangi alikuwa akiosha brashi, hanitazami. Nadhani lile jino lilimgusa nyapara baadaye.

Jumapili, 10 Mei

Juu ya paa, mgongo kwenye tangi la maji. Nimejiapiza kutobisha.

Jitu la pili likamkamata mama mkwe. Nikarusha shoka. Jitu likalala, mchawi akaokoka (hakushukuru). Binti akasema shoka limetumbukia kwenye mto wa moto, halirudi. Halirudi! Kanuni inasema hurudi! Nikauma kola ya shati. Nikasema, sawa, mwanangu.

Binti akauliza, Baba, umesikia? Halirudi. Nikasema nimesikia, mama, wewe ndiye mwenye kitabu. Kisha sauti yake ikawa ndogo. Akauliza kama nimechoka na mchezo. Kama nimechoka naye.

Mama mkwe akaingilia, mkali. Akasema mkwe wangu, mtoto ameandika kurasa mbili wiki nzima za kukujibu, kila ujanja wako na jibu lake, kwa wino mwekundu. Shoka amelitupa makusudi ili ubishe. Sasa bisha!

Nikabisha. Mungu wangu, nilibisha! Moto si mkono! Mto haujalirusha shoka, nimelirusha mimi! Alinijibu kila hoja, anacheka hadi kwikwi, ukurasa wa kwanza hadi wa pili. Mwisho akasema nimeshinda moja kati ya tisa, shoka lirudi. Saa kumi kasoro robo bado tunabishana. Nyapara alipanda ngazi, akanitazama, akashuka.

Kabla ya kukata simu binti aliniita Baba mara mbili, kuniita tu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimelifikiria jambo hili siku nzima nikibeba saruji, na nimeupata ufunguo. Ni kunyamaza! Ukinyamaza, mwenye kitabu anaingiwa na hofu, anakurudishia shoka. Jumapili ijayo nitanyamaza nusu saa nzima, niombe na taji.