Njia Tupu ya Monsieur Courtiaud

Jumatatu, 13 Oktoba

Bado ni mke wa Damien! Nimeamka, nimemtazama akikoroma, nimelia kwa furaha. Nyumba yetu hapa ughaibuni, mtaa wa Ladywood, ni chumba na sebule, lakini kwangu ni ikulu ya mapenzi.

Kasoro moja tu: zawadi ya Bosi Paresh, mwenye duka la fremu anakofanya kazi Damien. Ameitoa ukutani kwake mwenyewe. Picha ya kuchorwa, ndogo kama sinia ya chai. Miti ya rangi ya zambarau. Njia ya rangi ya waridi. Mtu hata mmoja hayupo! Nikaelewa mara moja. Kwetu Bukavu, kwa mpiga picha, mandhari huchorwa kwanza ukutani, kisha wateja husimama mbele yake. Hii inasubiri wateja. Masikini Bosi, hakuwa na wa kuwaweka.

Nimetukata kwenye picha ya harusi, mimi na sheri wangu, tumeshikana mikono. Gundi kali, ile ya viatu. Sasa tunatembea njiani! Nimeifunika kwa kitenge. Damien ataiona Jumapili, iwe sapraizi.

Jumatano, 15 Oktoba

Habari kubwa! Bosi anafungua duka la pili, mtaa wa Aston. Mkuu wake atakuwa Damien au Héritier, mwenzake wa kazini. Précieuse, mke wa Héritier, tayari ananiita kanisani "mke wa msaidizi". Eti utani!

Bosi atakula kwetu Jumamosi pamoja na Héritier na Précieuse. Anataka kuiona picha yake. Damien akanieleza kwa unyenyekevu kwamba ni ya Mfaransa, Anselme Courtiaud, wa zaidi ya miaka mia iliyopita. Hajulikani sana, lakini Bosi humpenda kama ndugu. Wachoraji wa kizazi chake, akasema, waliacha kuupaka mti rangi ya mti. Waliupaka rangi ya mioyo yao.

Nikasema: Mungu wangu. Akadhani nimeguswa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimejaribu mvuke wa birika. Mimi sikubanduka. Damien amebanduka, nusu. Juu hayupo; imebaki suruali, viatu, na kiganja ndani ya kiganja changu. Nikajaribu dawa ya kutoa rangi ya kucha. Mti mmoja umeyeyuka. Nimeacha.

Hata hivyo, nimetoka vizuri sana kwenye ile picha.

Mpango mpya: mila! Nitasema kwetu zawadi ya harusi haifunuliwi mpaka azaliwe mtoto wa kwanza. Bosi ni mzaliwa wa Kisumu, anaheshimu mila za watu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilipika pondu, majani ya muhogo, bila samaki, kwa sababu Bosi hali nyama wala samaki. Akaongeza sahani! Nikatoa mila yangu. Akainamisha kichwa, akasema mila ni mila, mama, yeye atangoja. Ushindi! Damien akashangaa, nikamkanyaga mguu.

Ndipo Précieuse akauliza, kwa sauti yake ya kwaya, hiyo ni mila ya wapi, dada. Yeye pia ni wa Bukavu, akasema, na masufuria aliyozawadiwa harusini aliyapikia siku ileile. Nikasema ni mila ya Kadutu, mtaa wetu. Akasema yeye amekulia Kadutu. Akavuta kitenge.

Mimi natabasamu njiani, nimeshika mkono usio na mwenyewe.

Bosi akavaa miwani. Akauliza polepole, huyu mwingine ni nani. Damien, malaika wangu, akajibu kwamba ni yeye. Bosi akaiondoa ukutani kama anayebeba mtoto mgonjwa, akaondoka bila kungoja chai.

Jumatatu, 20 Oktoba

Duka la Aston ni la Héritier. Damien hakunigombeza. Aliutazama tu ukuta mtupu kwa muda mrefu, kisha akanifuta machozi. Mume gani huyu!

Nimetafakari sana na kosa nimeliona: nilimsahau Bosi. Alitoa picha yake, nikatuweka sisi tu. Lazima aliumia.

Nikaenda dukani kuomba radhi. Akasema picha iko kwa fundi, mti utarudi, na amenisamehe kwa sababu ndoa ni changa. Nikainua macho. Nyuma ya kaunta, picha nyingine ya Courtiaud: mto, na boti. Tupu kabisa! Bosi akaenda kupokea simu. Nikaipima boti kwa kiganja. Mimi na Damien mbele, na nyuma, penye kasia, nafasi ya mtu mmoja.

Aliporudi nikamwomba atabasamu, nikampiga picha kwa simu. Akatabasamu, masikini, akidhani ni ya ukumbusho.