Andongwisye Ambeba Tulinagwe

Sogeeni, enyi watu wa Mpemba, mliokwisha kupalilia na mnaosingizia mvua, tegeni masikio mpate habari za Andongwisye, simba wa mashamba ya mahindi, mbebaji wa magunia mawili kwa mkupuo, ambaye mwaka wa sabini na nne, Jumapili saa nne asubuhi, alibeba mtoto mchanga kanisani, mbele za watu!

Mtoto alikuwa bintiye, na hakuwa na jina. Ruti, mkewe, mzaliwa wa milima ya Ileje, alikwisha kuzika wawili kabla ya huyu. Miezi yote tisa alijishika tumbo akisema neno moja la kwao, Tulinagwe, yaani Mungu tuko naye. Na ndivyo alivyoitwa bibi yake, aliyezeeka na meno yake yote. Ruti alilitaka jina hilo na si jingine, na Andongwisye alimwahidi.

Lakini nani amkabili Ferista? Ferista dada mkubwa wa Andongwisye, mwenyekiti wa akina mama wa kijiji cha ujamaa, mwenye sauti ya kusimamisha malori, alikwisha kuamua kwamba mtoto ataitwa Azimio. Na desturi ya kanisa lile ilikuwa kwamba anayempakata mtoto penye beseni la ubatizo ndiye atajaye jina, na mpakataji ni shangazi. Mwanamume hakuwahi kumgusa mtoto pale.

Mchungaji Yonathani akaita. Ferista akainuka, mikono mbele. Ndipo Andongwisye akajitosa katikati, akamtwaa mtoto kutoka kwa Ruti, akamshika kama debe la maji lililojaa pomoni. Hatua kumi na mbili hadi penye beseni zilimngoja.

"Ewe uliyenyonya baada yangu!" alinguruma Ferista. "Tangu lini umekuwa shangazi? Lete huyo mtoto!"

"Dada yangu, nguzo ya nyumba ya baba yetu," akajibu shujaa, jasho likimtiririka, "ukitaka kulimiwa, nitakulimia; ukitaka kuni, nitakupasulia hadi uzeeni. Lakini huyu sikupi. Nimemwahidi mama yake."

Akasonga. Hatua ya saba alijikwaa kwenye mkeka, mtoto akapiga yowe, naye hakurudi nyuma hata wayo mmoja.

"Anaitwa nani?" akauliza mchungaji.

"Tulinagwe!" Alilitoa kwa sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, maji yakatikisika beseni zima.

Ruti akacheka kwa sauti, machozi yakimshuka, na hakuona haya.

Basi na iandikwe kwamba kabla ya mavuno wasichana wanne walibatizwa jina hilo, maana kila mama aliyelisikia alilipenda. Waume wao waliombwa wabebe, wakasingizia mgongo. Ferista aliwapakata wote wanne, akitangaza kwamba jina zuri namna ile alilichagua yeye. Andongwisye alimsikia wala hakubisha. Alikuwa nyuma ya kanisa, akimbembeleza Tulinagwe alale.