Neno la Kiingereza Lililonipangia Kaburi

Iringa, Juni 1956

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima naomba neno "indisputable" liondolewe gazetini mwako. Msomaji alikuuliza maana yake, ukajibu: "Jambo lisilobishika, likitajwa, watu wanyamaze." Nusu ya kwanza ni ya kamusi. Ya pili umeongeza mwenyewe, nayo imeingia nyumbani kwangu.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Useremala ulinileta huku ujanani, nikaoa Uheheni. Malalamiko yangu:

1. Jirani yangu Ambrosi hubishana nami kila Jumapili kama migomba yangu itazaa katika baridi hii. Ubishi huo ndio urafiki wetu. Juzi akasema, "Mzee Isakwisa, haizai. Indisputable," akavaa kofia, akaenda zake. Nikabaki na chai ya watu wawili.

2. Mke wangu Rozalia analitumia kwa habari ya chumvi.

3. Shemeji yangu Yohane, mzee wa kanisa, amenitengea mahali pa kuzikwa, ubavuni mwa marehemu mama mkwe. Kwetu mtu hulala karibu na migomba yake, tena baada ya ndugu kubishana vya kutosha. Nilipofungua kinywa akanikata: "Shemeji, wewe ni wa hapa. Indisputable." Lakini ni Wahehe hawa hawa walionifunza kwamba mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Nilimpisha mama yule njiani maisha yake yote, hata kwa kuingia kwenye miiba. Leo nilale naye jirani hadi ufufuo?

4. Neno hili likiachwa, mabaraza yatafungwa, mahakimu watarudi kulima, na nchi itakufa kwa ukimya.

Kama haliondoleki, basi anayelitaka aombe kibali kwa Bwana Shauri wa wilaya kama mwenye gobore, wala asilibebe karibu na makaburi.

Nisalimie wapiga chapa wote, na yule msomaji pia. Kuuliza si kosa.

Wako katika ubishi mwema,
Isakwisa Mwakalobo

Baada ya sahihi: Mdogo wangu Andendekisye ameshuka basi leo kutoka Rungwe. Amekuja kunichukua, nikazeeke na kuzikwa kwetu. Alizungumza vizuri sana. Rozalia aliacha kusonga ugali, akisikiliza. Ulimi wangu ukatangulia: "Mdogo wangu, mimi ni wa hapa. Indisputable." Akanyamaza, akanawa mikono. Basi la kurudi ni Alhamisi. Tafadhali usiliondoe neno kabla ya hapo.