Wiki Hii: Jua Tupu

Jumatatu, 3 Julai

Siku ya kumi na tisa mfululizo nimepatia! Asubuhi nimeandika kwenye ubao wa mgahawa wa chai: "Jua tupu, wiki nzima." Mwandiko safi. Chombo changu cha kupimia hewa, cha shaba, nilichopewa kituo cha hali ya hewa cha shamba la ushirika kilipofungwa, mshale uko palepale: KAVU. Haujatikisika tangu nilipokiangusha mwaka jana. Uthabiti kama huo huupati siku hizi.

Mji mzima umeanika aprikoti juu ya mapaa. Letu limejaa kuliko yote. Gulandom, mke wangu, anasema majira ya baridi yetu yote yako pale juu, makaa na unga na kila kitu tutakachonunua kwa aprikoti hizo, na mvua moja tu inatosha kuziozesha. Nimemwambia alale usingizi. Ameolewa na mtabiri.

Jumanne, 4 Julai

Hasira! Watu wanasoma ubao wangu, halafu wanakwenda kumuuliza Mama Oysara, mwoka mikate! Yule mama kila asubuhi hufikicha chumvi mbele ya foleni. Ikiachana, jua. Ikigandamana vidoleni, mvua. Eti hajakosea tangu aolewe. Chumvi!

Qurbonali, mwenyekiti wa mtaa, kachoshwa na mabishano yetu. Kasema atakayekosea kwanza afunge mdomo moja kwa moja. Nimekubali mbele za watu, kidevu juu.

Jumatano, 5 Julai

Nina mpango. Mama Oysara akiinamia tanuri, natia maji kwenye chumvi yake. Itagandamana, atatangaza mvua, jua litawaka, kwisha habari yake.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Maji nimeyamwaga kwenye bakuli la ufuta. Ikabidi ninunue mikate sita nijifanye mteja. Gulandom kauliza wageni ni akina nani.

Alhamisi, 6 Julai

Nimefaulu! Matone saba, ndani ya chumvi hasa. Mama Oysara kaniangalia kwa muda (heshima, nadhani), kainama chini ya meza, kainuka, kafikicha. Katangaza mvua kabla ya saa kumi jioni.

Ungeona mbio! Mji mzima juu ya mapaa na mabeseni na mashuka. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Gulandom naye akachukua beseni. Nikakaa kwenye ngazi nikamzuia. Nikamweleza kwamba tukiteremsha zetu, nimekiri kushindwa na mji mzima unaona.

"Baba Parvina," akasema, "nimekuamini miaka thelathini na mmoja. Leo nakuuliza mara moja tu. Una hakika?"

Nikamwambia hakika kabisa. Akaliweka beseni chini.

Saa tisa na nusu. Kawingu. Kanapita.

Saa kumi kasorobo. Hakapiti.

Ijumaa, 7 Julai

Mvua ilipiga kwa muda wa saa mbili na nusu. Aprikoti zetu zimekuwa uji. Gulandom hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alizifagia taratibu huku machozi yanamtoka, nami nimeshika ndoo, sijui pa kutazama. Iliniuma. Iliniuma kweli, lakini hilo naliandika hapa tu.

Kisha nikawaza. Nani aliyelowesha chumvi? Mimi! Bila mimi yule mama angetangaza jua, na aprikoti za mji wote zingekwisha. Nimeuokoa mji! Nikaenda moja kwa moja kwenye foleni ya mikate nikaeleza yote, hadi habari ya ufuta. Nikasubiri makofi.

Mama Oysara akajipangusa unga mikononi. "Nilikuona, Nosirjon," akasema. "Niliyofikicha ni ya kopo la chini ya meza. Hiyo hukuigusa, na iliganda yenyewe."

Hayo ni mambo madogo ya kiufundi. Mawazo yetu yalikuwa mamoja. Akauliza mke wangu yukoje. Nikasema yuko juu ya paa, anafagia. Foleni nzima ikaniangalia, kisha ikaanza kunong'onezana.

Jumamosi, 8 Julai

Jua! Si nilisema?

Tangu asubuhi wanawake wanapanda ngazi yetu, kila mmoja na bakuli la aprikoti kutoka paa lake, na wanazitandaza kwenye paa letu. Mabakuli ishirini na mawili. Mama Oysara kaleta beseni zima. Walimkumbatia Gulandom, naye akalia tena, ila safari hii alikuwa anacheka katikati ya machozi. Paa limejaa kupita nusu.

Mimi nilikaa chini ya ngazi nikipokea shukrani za mji. Hakuna aliyezitamka, lakini watu wa kwetu wana haya. Nilijisikia fahari mpaka shati likanibana. Hawa ni watu wanaomthamini mtabiri wao.

Nikaona si vizuri kupokea tu bila kurudisha kitu. Kwa hiyo kila aliyeshuka nimempa utabiri wangu, bure kabisa: leo na kesho jua tupu, asihangaike kufunika chochote. Wote wameondoka mbio kwenda kwao, na huko juu Gulandom anaitisha turubai. Sijapata kuona watu wenye furaha kiasi hicho.